Mguu wa Kushoto

Kila mbung'o namkata mguu mmoja,
wa nyuma, wa kushoto.
Mwili naurudisha ndani ya spiriti,
mguu unaingia kichupani,
namba ya kichupa inaingia daftarini,
nami naingia usiku
hapa Kampemba, nyuma ya banda la wachomelea vyuma,
ambapo jenereta hunywa mazuti
kwa pupa kuliko walevi wanavyokunywa lutuku.

Chikonde ndiye huwaleta.
Siku mbili juu ya kinga, kasha la baridi mgongoni,
vumbi jekundu hadi kwenye kope.
"Hawa wa Lufwa, hawa wa Kamitondo.
Usiwachanganye, mama, wataoana."
Hucheka peke yake.
Nami nilicheka siku nilipoelewa
kwamba hilo ndilo swali zima:
je, wanaoana?

Maana ukilisafisha bonde moja
na bonde la pili wana ndugu,
umefagia uwanja wakati wa upepo.
Lakini kama mlima umewatenga,
kama tangu mababu zao hakuna posa iliyovuka,
basi wa Lufwa ni kisiwa,
na kisiwa mtu anaweza kukimaliza.

Niliandika: ni kisiwa.
Nikatia sahihi, Ngosa Kapambwe,
kwa wino wa buluu, rangi ileile ya vitambaa
tulivyotundika kando ya mto.
Mbung'o hupenda buluu
kama mama zetu wa kwaya.

Miezi kumi na minne mitego ilikaa mitupu.
Watu wa Lufwa wakarudi kulima mihogo karibu na maji.
Wakatuchinjia mbuzi.
Mimi nilikula paja.

Sijawahi kumchukia sawasawa.
Jike hatagi mayai mia kama nzi wa chooni.
Hubeba mmoja tu.
Humnyonyesha humo humo tumboni, maziwa ya kweli,
kisha humshusha mchangani polepole
kama mtu anayetua mzigo wa mwenzake.
Halafu huruka
kwenda kumnywa baba yangu.

Baba alilala miezi saba.
Alilala kijiko kikiwa mkononi.
Alilala katikati ya jina langu:
Ngo

Mwezi jana Chikonde alitua kasha, hakucheka.
Sita. Wa Lufwa.
Daktari Mulumbwa akasema, wageni hao,
wamevuka mlima na ng'ombe wa wachuuzi.
Neno lilipokelewa vizuri ofisini.
Mji huu unalijua neno hilo.
Uliwahi kuwapakia "wageni" katika mabehewa,
jirani zetu, na masufuria yao, na vyeti vyao
vya kuzaliwa hapahapa.

Sita. Mguu wa kushoto.
Umeme ukakatika mara mbili,
mara mbili nikaanza upya.
Saa tisa usiku mistari ikasimama kwenye kioo,
herufi za vinasaba zikijirudiarudia
kama kigugumizi,
nami nikakijua kigugumizi hicho.
Nilishakisikia. Daftari la kwanza, ukurasa wa kumi na nane.

Si wageni.
Ni vitukuu vya wale tuliowamaliza.
Mahali fulani, kwenye kivuli
ambacho hatukukitundikia kitambaa
kwa kuwa ilikuwa jioni na tulikuwa na njaa,
jike mmoja alibaki
na mimba yake ya mmoja.

Wino ni uleule.
Nafuta "wageni", naandika "wenyeji".
Mkono unasita juu ya nafasi ya sahihi,
nakumbuka lile paja, mafuta yake vidoleni.
Naongeza mstari ambao Daktari hataupenda:
kosa ni letu, turudi Lufwa.

Nje kunapambazuka nyuma ya dohani la kiwanda.
Chikonde, ambaye sijamwambia lolote,
anajaza upepo gurudumu la nyuma.